Sauti Zilizopita Udongoni

Jina langu ni Aloyse Wendling, lakini jeshini niliitwa Vincent Morel. Sisi wa Alsasi, jimbo la mpakani lililokuwa chini ya Ujerumani, tuliovuka kwenda kupigana upande wa Wafaransa tulipewa majina ya bandia, kwa sababu Mjerumani alituhesabu kuwa raia wake. Akikukamata na jina lako halisi, unapigwa risasi kama msaliti.

Kazi yangu haikuwa ya bunduki. Nilikaa ndani ya shimo la kina cha mita nne, chini ya handaki letu la mbele katika milima ya Vosges, nimevaa visikilizio masikioni. Simu za vita wakati ule zilikuwa na waya mmoja tu. Umeme ulirudi kupitia ardhini, na maneno ya watu yalirudi nao. Sajini Gaspard Lhuillier, fundi umeme wa mji wa Nancy, alitambaa kwa tumbo hadi kwenye seng'enge za Wajerumani, akapigilia vigingi viwili vya shaba, akavuta waya hadi kwenye sanduku letu la kukuzia sauti. Walichosema kule, tulikisikia huku.

"We Mjerumani," Gaspard alizoea kuniuliza, "ndugu zako leo wanakula nini?"

"Viazi na siki. Wewe je?"

"Mimi nina kopo la sardini. Umri wake sawa na wa mama mkwe wangu, na harufu pia."

Upande wa pili kulikuwa na mpokea simu mmoja tuliyempa jina la Mluzi, maana kabla ya kuzungumza alipuliza mluzi kujaribu waya. Alitoka ng'ambo ya mto Rhine, kwenye mashamba ya mizabibu. Kijerumani chake na cha mama yangu kilikuwa kimoja, na kwa wiki sita nilimsikia akilalamikia meno yake na kutukana panya.

Mchana mmoja wa Machi, mwaka 1916, nikamsikia akimsomea mkubwa wake taarifa: "Wafaransa watavamia kesho saa mbili asubuhi. Watu arobaini, kombania ya tatu, kupitia kwenye mti uliovunjika."

Maneno yale luteni wetu aliyasema kwenye simu asubuhi ile, neno kwa neno. Kumbe na wao walikuwa na vigingi vyao.

Nilimkimbilia Kapteni Roumagnac. Alinisikiliza huku akisafisha miwani.

"Hatoki mtu," alisema. "Ila kwenye simu tutaendelea kusema wanatoka. Waache wajae kutupokea."

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Kapteni alikuja kuketi kando yangu na simu ya kwenda kwenye mizinga, yenye nyaya mbili zilizosokotwa, isiyovuja ardhini. Saa mbili kamili mizinga yetu ikanguruma yote kwa pamoja, juu ya handaki lililosheheni watu waliokaa na vidole kwenye vifyatulio.

Shimo letu lilitikisika, vumbi likamwagika kwenye sanduku. Kisha Mluzi akapiga kelele masikioni mwangu: "Machela! Leteni machela! Handaki la mbele limekwisha, watu wamefukiwa! Waliosalia wanakimbilia la pili!"

"Amesema nini?" Kapteni akauliza.

Nikamwambia. Akaitaja kwenye simu namba ya mahali pale katika ramani, na kabla sijavuta pumzi mara kumi makombora yalihamia handaki la pili.

"Wanatuona!" Mluzi alilia. "Wanatuonaje katika ukungu huu? Ondokeni hapo! Pitieni njia ya bondeni!"

"Amesema nini?"

Nikasema. Makombora yakashuka bondeni. Nilisikia mtu akinguruma karibu na simu ya Mluzi kama ng'ombe anayechinjwa vibaya, halafu akanyamaza. Nilitafsiri mara nne, na kila nilichotafsiri kilikwenda kuchana watu. Gaspard aliacha kunitazama.

Mara ya tano Mluzi alizungumza taratibu, kama aliyechoka. "Majeruhi wote wapelekwe kwenye machimbo ya mawe. Wako sitini hivi, na daktari ni mmoja."

"Amesema nini?"

"Waya umekatika, afande."

Kapteni alinikodolea macho. "Una hakika?"

"Kimya kabisa, afande."

Mizinga ikanyamaza.

Haikupita nusu saa. Kumbe mle machimboni, pamoja na majeruhi, kilikuwemo kikosi chao cha akiba, hakijaguswa hata ukucha. Wakaja ndani ya ukungu wamekasirika, wamebeba mabomu ya mkono na marungu yenye misumari. Juu yetu nilisikia watu wetu wakipigwa. Rungu likikutana na fuvu hutoa sauti isiyofanana na nyingine.

Bomu likaviringika ngazi kwa ngazi hadi kwetu. Gaspard alilipiga teke lirudi, likalipuka likiwa bado mguuni pake. Moshi haujatulia, mwanamume mwenye ndevu nyekundu akashuka na singe mbele. Nilikuwa nimeshika sepetu. Nikapaza sauti kwa lugha ya mama yangu: "Ngoja! Mimi ni wa kwenu!"

Akasita. Akashusha singe kidogo, akanitazama usoni. Nikampiga sepetu shingoni kwa nguvu zangu zote, kisha nikampiga tena alipokuwa ameshaanguka. Kapteni alimpiga risasi Mjerumani wa pili aliyekuwa ngazini.

Gaspard alikuwa amekaa ukutani, tumbo wazi, mguu haupo.

"Mjerumani," alisema, "walitokea wapi hawa?"

"Machimboni."

"Hatukuambiwa?"

"Mimi nilisikia majeruhi wanapelekwa huko. Nilinyamaza."

"Mshenzi wewe," alisema. Lakini alinishika mkono wa koti, na hakuniachia hadi alipokata roho. Ilinibidi nivibandue vidole vyake kimoja kimoja.

Tulipoteza watu kumi na mmoja. Nilimwambia Kapteni kila kitu, sikuficha. Alinipiga mdomoni kwa kitako cha bastola, meno mawili yakatoka.

"Ningekufunga kwenye mti upigwe risasi," alisema, akihema. "Halafu nani atasikiliza? Niambie, nani?"

Fundi mwingine aliletwa, akavuta waya mpya. Kabla ya jua kuzama Kapteni alinivika visikilizio kwa mikono yake mwenyewe, nami nikitema damu kwenye kopo la sardini. Mluzi alikuwa bado yuko hai. Alikuwa akiwasomea wakubwa zake majina ya waliokufa, kisha akataja mahali walikohamishiwa majeruhi waliosalia: ghala la mbao, nyuma ya kanisa.

"Amesema nini?" Kapteni akauliza.

Nikamwambia.