Kidole cha Profesa

Shemeji yangu alijipachika mwenyewe jina la Profesa, na kwa kuwa ofisi ni yake, sote tukamwita hivyo. Tunatengeneza programu ya kusafishia sauti za kanda za zamani. Sehemu ya kipanya cha kompyuta aliiandika yeye: kitufe kifanye kazi pale pale kidole kinapobonyeza.

"Shemeji," nilimwambia, "subiri mtu aachie. Wenzetu wote hufanya hivyo. Mtu akikosea, anasogeza kishale pembeni kabla ya kuachia, yanaisha."

"Programu yangu haisubiri wazembe. Asiyejua anachotaka asiguse kompyuta."

"Basi angalau kitufe cha Futa kiulize kwanza."

"Wewe shughulika na rangi za vitufe, mke wa mdogo wangu."

Na kufuta kwake kulikuwa kufuta kweli, hakuna kurudisha. Alijisifia hilo kwa wateja kama fundi aliyejenga choo bila mlango akakiita cha kisasa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiyesikia la mtu huvunjika nini, hawakusema.

Jumamosi akamleta baba mkwe asikie sauti ya marehemu mama. Ilibaki rekodi moja tu, mama akiwabembeleza wanawe walipokuwa wadogo. Kanda yenyewe ilikatikakatika baada ya kunakiliwa, na nakala ilikuwa kwenye kompyuta ya Profesa, ambayo hatukuruhusiwa hata kuifuta vumbi. Mzee alikuja na koti lake la kutokea. Hakuwa ameisikia sauti ile tangu mazishi.

"Baba, tazama kasi hii," akasema Profesa, uso kwa baba, mgongo kwa skrini. Akabonyeza.

Alipogeuka, kishale kilikuwa juu ya Futa, si Cheza. Kidole hakukiinua. Akiwa bado amekibana, akakivuta kishale polepole hadi pembeni, kama mzembe yeyote yule. Faili lenye jina la mama lilikuwa limeshaondoka kwenye skrini.

"Inaanza lini?" mzee akauliza.

Kidole cha Profesa kilikuwa kimeganda pale pale, ukucha mweupe. Sikumwonea huruma hata chembe. Huruma yangu yote ilikuwa ya mzee.

"Achia tu, shemeji," nikamwambia. "Kuachia hakufanyi kitu. Uliandika hivyo mwenyewe."

Hakuachia. Mzee akasogeza kiti karibu na spika, akatega sikio.