Harusi Iliyokataa Kuingia kwa Diski

Everline alifungua duka lake la kuedit video pale Lucky Summer, akapangusa kibodi vumbi, akajaribu kuhifadhi video ya harusi ya Ayuma kwa diski. Diski ilifika katikati ikasema imeshindwa kuandika. Alipogeuka kuchukua chai, keki ya harusi ilikuwa imekaa juu ya meza, ya gorofa tatu.

Akajaribu tena. Diski ikakataa, na wasimamizi wawili wa bibi harusi wakatoka kwa skrini wakauliza choo iko wapi. Kipande ambacho diski haikuandika kilibidi kipate mahali pa kukaa. Kufikia saa ya lunch benchi lilikuwa limejaa, Everline akaenda kuazima viti kwa kinyozi.

"Una wageni?"

"Diski inasumbua."

"Pole. Beba na hiyo stuli."

Jaribio la mwisho lilimtoa baba ya bibi harusi, Mzee Shitanda, na suti yake ya kijivu na maikrofoni mkononi, hotuba imekatwa katikati. Shitanda alikufa mwaka jana, wiki chache baada ya hiyo harusi, boila ilipopasuka kwa kiwanda alichofanyia kazi Industrial Area. Kampuni ilisema alizembea.

Mkewe Beldina ndiye alikuwa anangoja video. Jumamosi ni ibada ya ukumbusho, na sauti ya mzee ilibaki kwa hiyo hotuba peke yake. Alipoitwa alikuja na sweta.

"Baba Ayuma, hiyo tai umeifunga kama kamba ya mbuzi."

"Si wewe ndio ulinifungia?"

"Basi iko sawa. Vaa sweta, huku kuna baridi."

Akavaa. Muasya, fundi wa kompyuta, akaingia akasalimia kila mtu kwa mkono, marehemu pia. Akabadilisha waya. Akapima diski yote.

"Diski ni nzima kama fahali, mnailaumu bure," akasema. "Shida ni draiva, hiki kiprogramu cha kubebea diski kazi. Kilijiapdeti Jumapili kikasahau njia. Nikirudisha ile ya zamani, kila kitu kitaingia." Akakohoa. "Na kila mtu."

Shitanda akacheka. "Hata mimi nililaumiwa bure. Valvu ya kutoa mvuke ilikuwa imekwama. Niliwaambia, wakaifunga na mpira wa tyubu. Walitengeneza?"

"Bado," Beldina akasema, kisha akamwomba Muasya angoje kidogo.

Beldina na mzee wake wakala keki, wakabishana nani kati yao ndiye alikuwa anakoroma. Jua likianza kushuka, Shitanda akapangusa makombo kwa sweta.

"Wacha niingie nimalize hotuba. Nimeacha watu wamesimama."

"Haya, enda. Na usiongee sana, watu wana njaa."

Muasya akarudisha draiva ya zamani. Wasimamizi wakaingia wakisukumana, keki ikafuata ikiwa imepungua gorofa moja, Shitanda akaingia wa mwisho. Diski ikaandika bila neno.

Jumamosi video ilichezwa kanisani. Shitanda alitoa hotuba yote, sweta juu ya suti, kisha akaangalia kamera: "Na ile valvu ya boila imekwama. Mwambieni meneja." Ndani ya video, wageni wa harusi wakapiga vigelegele, maana wageni wa harusi hupigia kila kitu.

Jumatatu Beldina akapelekea meneja wa kiwanda flash yenye video. Meneja aliitazama mpaka mwisho. Alichekeshwa na MC, akasifu sweta, akasema sehemu ya valvu sauti imetoka safi kabisa. Halafu akaomba namba ya Everline. Binti yake anaolewa Desemba.

Beldina akatoka akipitia upande wa boila. Kulikuwa na jamaa mpya kazini. Valvu ilikuwa imefungwa na mpira mwingine wa tyubu, huu mwekundu.

"Umeoa?" akamuuliza.

"Bado, mama."

"Ukioa, video utengenezewe na Everline wa Lucky Summer. Na wewe pia uongee mpaka umalize."