Jina la Nyanya Lingoje

Sista Debra alipomwona Nyakio akiingia wodini na mtoto wa kike mikononi, aliona wivu. Mtoto hakuletwa kwake. Aliletwa kwa muuguzi mwenzake, Wamucii.

"Tumemwita Wamucii," Nyakio akasema akicheka. "Mama mkwe mwenyewe alisema jina lake lingoje."

Lo! Kwa Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na nyanya gani huachia zamu yake hivi hivi? Tena amwachie Wamucii, mtu wa kuchelewa kazini kila Jumatatu!

Mwaka juzi, mimba ya kwanza ya Nyakio ilimtoa damu hadi akakaribia kufa, na daktari akaamua itolewe. Moyo wa kile kiumbe ulikuwa bado unapiga. Debra alikuwa ameshajaza fomu kwamba dhamiri yake haimruhusu kufanya kazi hiyo, na mkuu wa wodi akamkubalia. Wamucii akaitwa, akaacha chai yake mezani. Debra alisimama koridoni akisali, machozi yakimtiririka. Machozi hayo nani aliyaona? Nani ameyapa jina?

"Hata mimi nilikuwepo siku hiyo," Debra akasema, akijilazimisha kutabasamu. "Nilikuombea sana."

Nyakio akamgeukia, wala hakuwa na hasira.

"Nakukumbuka, sista. Nilikushika mkono nikikuomba usiniache. Ulinibandua vidole kimoja kimoja, ukatoka."