Maoni ya Mama Ukurasa wa Mwisho

Mwalimu wa maktaba aliyarudisha maboksi yote mawili ya vitabu.

"Marehemu ametuachia hazina," alisema pale mlangoni, "lakini watoto hawawezi kusoma matusi yale. Yafuteni, nitavipokea."

Hayakuwa matusi. Yalikuwa maoni. Kila kitabu alichokimaliza, marehemu, fundi cherehani, alikihukumu kwa penseli kwenye ukurasa wa mwisho, na usia wake ulikuwa mmoja tu: vitabu vyake viende shuleni.

Basi binti yake akaketi sakafuni na kifutio. Baba, mwashi asiyejua kusoma hata jina lake, akavuta kigoda.

"Kabla hujafuta, nisomee. Nimsikie."

Binti akaanza na kitabu cha ufugaji nyuki. "'Mwandishi huyu hajawahi kuumwa hata na nyuki mmoja. Anaandika kama mtu aliyesimuliwa.'"

Baba akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Ndiye huyo."

Kikafuata kitabu cha maisha ya waziri mstaafu. "'Kurasa mia tatu za kujipigia debe. Mkewe katajwa mara mbili, zote akiwa jikoni.'" Kisha diwani ya mashairi. "'Arobaini kwa jumla, matatu yana roho. Hilo la tisa limenipozea chai.'"

Kila aliposoma, alifuta. Mapaja yalimjaa vumbi la kifutio. Kicheko cha baba kilikwisha. Akawa anaupapasa kwa kidole kila ukurasa uliobaki mtupu.

Ikaja riwaya nene.

"Hiyo naijua," alisema baba. "Ya dereva wa lori aliyepotea. Mama yako alinisimulia wiki nzima huku anapika. Mwishowe alirudi, mkewe akamfungulia mlango."

Binti akafunua ukurasa wa mwisho, akakishika kifutio.

"Soma basi."

"Anasema ni kizuri."

"Mwanangu, mama yako hakuwahi kukiita kitabu kizuri akaishia hapo. Soma alichoandika."

Akasoma. "'Mwisho umeniliza, na haukuwa na njia nyingine. Dereva anafia safarini. Mzee nimemwambia karudi. Moyo wake hauwezi.'"

Baba aliitazama mikono yake iliyochanwachanwa na saruji.

"Na vile vidonda vya tumbo," alisema. "Vile alivyoniambia daktari kasema vitapona ndani ya mwezi."

Binti akakung'uta vumbi la kifutio mapajani.

"Mimi nikaenda kazini. Wiki yake ya mwisho nzima, niko juu ya jukwaa, nawajengea watu ukuta. Wewe ulijua?"

"Nilijua, baba. Aliniapisha."

Baba akaunyoosha mkono, akapewa kifutio. Alifuta kama anayesugua sakafu, mstari kwa mstari asioweza kuusoma, hadi karatasi ikachanika.

Vitabu vilifika shuleni visafi, isipokuwa riwaya hiyo iliyochanika. Tangu siku hiyo baba hajamwomba binti yake amsomee kitu chochote, hata barua.