Mahamri ya Mwalimu Tahir

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona mtu akimalizwa kwa sifa? Si kwa matusi, si kwa fitina. Kwa sifa, tena zinazotoka mdomo ukiwa umejaa. Basi tulia nikueleze yaliyompata Mwalimu Tahir wa Thika, na mwalimu mwenzake Nadira akiwa pale pale, ameketi nyuma.

Chuo chenyewe kilikuwa Ruiru, kidogo tu, majengo ya mawe yaliyozungukwa na mashamba ya kahawa. Hapakuwa na udaktari wala uhandisi. Watoto walisoma historia, fasihi, falsafa na hesabu kidogo, ndiyo maana majirani waliuliza wakimaliza wataajiriwa na nani. Tahir alifundisha historia pale tangu madarasa yakiwa ya mabati. Na yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya kuketi nyuma. Kila muhula mwalimu mmoja anaingia darasa la mwenzake, anakaa kiti cha mwisho kabisa, anatazama. Baadaye wanakusanyika chumba cha walimu kwa chai, na aliyeketi nyuma anasema alichokiona. Kwanza neno jema, halafu la kurekebisha. Hivyo ndivyo Tahir alivyopanga.

Ila palikuwa na jambo dogo la adabu. Aliyetazamwa ndiye aliyeleta vitafunio. Na Tahir akija na beseni la mahamri, bado ya moto, yamefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya bluu, ya iliki na tui la nazi, mkewe Zubeida ameyaamkia alfajiri kule kwao mtaa wa Majengo, nani atameza halafu amwambie darasa lako linasinzia? Neno jema likabaki. Lile la kurekebisha likaachwa leo, likaachwa kesho, mwisho likasahaulika. Ikawa ni chai, sifa, makombo, kwaheri.

Nadira aliketi nyuma ya darasa la Tahir miaka mingi. Tahir alikuwa amemfundisha, kisha akamtafutia kazi ya ualimu pale chuoni, na kila asubuhi alimpitia na Datsun yake ya rangi ya maziwa, wakatoka Thika pamoja mpaka Ruiru. Kwa hivyo Nadira alijua. Somo la ardhi na walowezi, lile lililomfanya yeye mwenyewe, enzi za usichana wake, aweke kalamu chini na kushika shavu, lilikuwa bado lile lile, neno kwa neno, hata pahali pa kukohoa. Siku moja, akielekea kuketi nyuma, kwenye veranda alimsikia msichana akimwambia mwenzake, "Leo ni ile ya mzee na mzungu. Wewe lala tu, nitakuamsha tukifika pa kucheka."

Kesho yake, wakipita Juja, Nadira aliamua kusema. Kabla hajaanza, Tahir akamwuliza, "Haya, mwanangu, jana ulionaje?"

"Vizuri sana, Mwalimu."

Akatazama dirishani mpaka wakafika.

Ikaja mwaka wa tisini na saba, na umri wa kustaafu nao ukafika. Tahir aliomba aongezewe muda kidogo. Gathogo, mkuu wa chuo, akasema jibu atalitoa Siku ya Wasomi, ile siku ya kila mwaka ya kualika wageni na kusikiliza mihadhara. Safari hii Tahir angefundisha somo la wazi mbele ya wote, na Nadira angeketi nyuma, kisha aseme.

Asubuhi ya siku hiyo Nadira alimkuta Tabby, mwalimu wa fasihi, akipanga vikombe.

"Nadira, kwani hujasikia? Wanafunzi walienda kwa Gathogo. Ati Mzee ni kaseti."

"Kaseti?"

"Unabonyeza, inaimba. Na usiniangalie hivyo, hata wewe unajua."

"Sasa mbona hatukumwambia?"

Tabby alichukua hamri, akaliinua lionekane. "Mimi? Na hili mdomoni?"

"Kwa hivyo wameshamkataa?"

"Haiya! Na ile saa ya ukuta wamenunua ya zawadi ya kuaga, ulidhani ni ya nani?"

Nadira akatoka mbio. Alimkuta Tahir ukumbini peke yake, anafuta ubao uliokuwa safi tayari. Koti limepigwa pasi, kofia yake iliyodariziwa imekaa sawa kichwani. Alipomwona akatabasamu kama bwana harusi.

"Umekuja saa nzuri. Nitazamie kola, imekaa?"

Nadira akanyoosha kola ambayo haikuwa na kasoro.

"Imekaa, Mwalimu."

Ukumbi ukajaa. Tahir akaanza vizuri, sauti yake ya taratibu ikawashika wageni. Akaja kwenye hadithi yake. Mlowezi juu ya farasi anamkuta mzee anapalilia viazi, anamwuliza, hili shamba ni la nani? Hapo Tahir akanyamaza kama kawaida yake, kidole juu, awaache wasubiri.

Wanafunzi hawakusubiri. Safu kwa safu wakajibu kwa sauti moja, kama kwaya: "Lilikuwa langu mpaka ulipouliza!"

Makofi. Miluzi. Walidhani wanampa heshima, watoto wa watu. Wageni nao wakacheka. Kidole cha Tahir kilibaki juu, hakina kazi tena. Akawatazama wanafunzi, uso kwa uso. Kisha akainua macho mpaka kiti cha mwisho kabisa. Nadira akatazama viatu vyake.

Alimalizia somo, lakini alilimalizia kama mtu anayefunga duka.

Nadira akaitwa mbele. Beseni la Zubeida lilikuwa pale mezani, wageni wanajisevia. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka: "Mwalimu Tahir ni hazina yetu. Somo lake haliishi utamu."

"Amina!" akasema Gathogo, akisimama. "Mzee wetu, umetufanyia kazi. Sasa nenda upumzike, ule jasho lako." Akamkabidhi ile saa.

Tahir aliipokea kwa mikono miwili. Akasema asanteni, basi.

Jioni wakarudi Thika na ile Datsun, Nadira amepakata saa. Mtu alikuwa ameshaitia betri, na ilikuwa ikigonga mapajani mwake. Wakaipita Juja.

"Nadira."

"Naam, Mwalimu."

"Wamelijua kwa moyo tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Na wewe?"

"Mimi… nilikuheshimu, Mwalimu."

"Uliniheshimu," akarudia Tahir, kama anayeonja chai isiyo na sukari. Akapunguza mwendo, lori likawapita. "Kile kiti cha nyuma nilikiweka kwa ajili yangu, si kwa ajili yenu. Nilikuwa na mwalimu shuleni, alizeeka tukimcheka, naye anadhani tunacheka naye. Nikaogopa nisije nikawa yeye."

"Nisamehe."

"Muda wa kuongezewa na Gathogo, ningeweza kuishi bila huo. Nilitaka mtu mmoja anichafulie chai. Aseme, Tahir, umechakaa, anza upya." Macho yake yalibaki barabarani. "Na kila nilipokuuliza ulionaje, nilitaka awe wewe."