Nafasi Saba Ukutani

"Bonyeza tena," Mzee Wanyonyi alisema. "Labda hiyo simu imechoka."

Lenah akabonyeza. Maandishi mekundu yakarudi: umri hautoshi.

Alikuwa ametoka Kibomet asubuhi, akaja hapa nje ya Kimilili kukusanya majibu ya Daktari Ankita, mtafiti wa Kitale aliyetaka kujua wazee wanaionaje hospitali. Aliyefika miaka sabini na tano na kujibu maswali alipata nafasi ya kupasuliwa macho bure. Mboni za Wanyonyi zilikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Lakini kitambulisho kilisema 1958. Miaka sitini na saba.

"Mzee, kweli ulizaliwa 1958?"

"Karani si aliuliza mwaka wangu? Nikampa. Mwaka wa kisu."

"Wa kutahiriwa?"

"Sasa kuna mwingine? Ule wa kutoka tumboni nani aliuweka? Mimi nilikuwa nalia."

Lenah akampigia Daktari Ankita kwa spika, akamweleza.

"Siwezi kubadilisha umri kwa neno lake peke yake," Ankita alisema. "Kuna aliyekuwa naye siku ya kutahiriwa?"

Nanyama, mke wa mzee, alisikia. Hakungoja kutumwa. Akafunga leso, akakata njia kupitia shamba la mahindi.

Baada ya saa moja wakaja wazee watatu. Mmoja na fimbo, mmoja na gambuti za mpira miguuni, mmoja akishika bega la mwenzake. Hawakuketi. Walienda kwenye ukuta wa nyumba wakajipanga, lakini si bega kwa bega. Waliacha mapengo.

"Mbona mmeachana hivyo?" Lenah akauliza.

"Tulikuwa saba, boma moja, asubuhi moja," alijibu Nehemiah, mwenye gambuti, aliyesimama mwisho kabisa. "Kila mtu na pahali pake. Hata aliyekufa."

Wanyonyi akainuka. Mtu aliyekuwa amepapasa kiti kabla ya kukikalia sasa alitembea moja kwa moja, mikono imelala ubavuni, akasimama wa tatu. Hakugusa ukuta. Hakumgusa mtu.

Lenah alisahau simu mkononi.

Nehemiah akatoa kwenye koti cheti cha ubatizo kilichofungwa kwa nailoni. Alizaliwa 1942. "Na mimi ndiye nilikuwa mdogo wao. Nilikatwa wa mwisho."

Lenah akampigia Ankita tena, akakisoma kwa sauti.

"Andika 1942," Ankita alisema polepole. "Nitalifungua hilo swali kutoka huku. Nitumie picha yao, tafadhali."

Maandishi mekundu yakapotea. Maswali yakaendelea hadi la kumi na nne.

"Mzee, unaogopa upasuaji?"

Ukuta mzima ukacheka.

"Ati anaogopa!" Nehemiah akasema. "Muulize kama siku ile ya kisu alipepesa jicho."

Wanyonyi hakucheka. Alikuwa ameinua kidevu, macho meupe wazi, akitazama mbele.

Lenah akarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka majani ya mahindi yakamgusa mgongo, ili nafasi zote saba ziingie kwenye picha.