Tumepunguza, Mama

Mume wangu anasema kosa ni la simu yangu. Mimi nasema kosa ni la masofa yake, yale aliyoyanunua kabla hajanioa, ya kahawia, yenye mikono minene kama mapaja ya mpiga mieleka. Kuingia sebuleni kwetu ilibidi upite ubavu. Halafu kwenye simu naona sebule za watu: ukuta mtupu, kiti kimoja, tawi moja ndani ya chupa, basi. Roho inatulia.

Lakini sikufanya kwa ajili ya roho yangu peke yake. Mama mkwe wangu alikuwa akiishi peke yake, na mwezi uliotangulia aliteleza bafuni akalala sakafuni mpaka jirani alipomsikia akiita. Tulimbembeleza ahamie kwetu tukachoka. Kila akija analala siku tatu, ya nne anafunga mfuko. "Mimi siji kuwa mzigo wa mtu," anasema, na hapo humgeuzi. Nikawaza, mtu atakaaje kwenye nyumba isiyo na hata pa kunyoosha mguu? Safari hii akija akute nafasi, akute mambo ya kisasa, akae moja kwa moja. Mume wangu, mtunza ghala, ndiyo kwanza alikuwa ameanza likizo. Nikampa kazi.

Pesa hazikuwapo, nisikudanganye. Mimi ni msusi, na wateja wangu wengine wanasuka kwa ahadi. Lakini uzuri wa kisasa ni kwamba sehemu kubwa yake ni kutoa vitu, na kutoa ni bure. Tukauza masofa. Tukauza na kabati la vioo. Tulichopata kikanunua rangi ya kijivu, maana kijivu ndicho kinachotamba. Mume wangu alipomaliza ukuta wa kwanza alirudi nyuma akautazama weee.

"Mke wangu, huu ukuta ulikuwa saruji. Tukaupaka rangi ili usionekane saruji. Leo tumelipa ili urudi kuwa saruji."

"Paka," nikamwambia.

Ghalani kwake aliomba vile vichanja vya mbao vinavyowekwa chini ya mizigo, vilivyokuwa vikingoja kutupwa. Kimoja kikawa meza, viwili vikawa kikalio kirefu cha chini chini, mito juu yake. Meza ilikuwa na maandishi meusi: UPANDE HUU JUU. Nilimkataza asiyafute, hayo ndiyo yanayoleta usanii. Taa tukaivua kofia, ikabaki balbu inaning'inia kwenye waya mrefu. Makabati ya jikoni tukayang'oa milango ili vikombe vionekane. Mwisho nikaokota tawi kavu huko nje, nikalichomeka kwenye chupa. Nikasimama mlangoni, na kusema kweli machozi yalinilengalenga.

Mama akaja. Akaingia, akasimama katikati ya sebule, mfuko mkononi.

"Mnahama?"

"Hatuhami, mama. Karibu ukae."

"Wapi?"

Nikamwonyesha. Akakitazama kikalio kilichokuwa chini ya magoti yake, akashika bega la mwanawe, akashuka kidogo kidogo huku akivitaja viungo vinavyomuuma kimoja kimoja. Alipofika chini, macho yake yakapanda mpaka kwenye balbu, yakazunguka ukutani, yakatua kwenye tawi.

"Na kuni ndiyo hiyo moja iliyobaki?"

"Hilo ni pambo, mama," akasema mume wangu. Alikuwa na kaptura iliyojaa rangi, asubuhi ya siku ya kazi.

"Tumepunguza, mama," nikamweleza kwa bashasha. "Siku hizi kila mtu anapunguza."

Akatikisa kichwa taratibu. "Nasikia. Hata mpwa wangu wamempunguza."

Huyo mpwa wake namjua, ni mnene kweli kweli. Nikadhani madaktari wamemkataza vyakula. "Afadhali," nikajibu, "atapumua vizuri." Mama akanitazama kama mtu aliyesikia kicheko msibani.

Baadaye alinifuata jikoni. Alipoona makabati hayana milango alifumba macho kidogo, kisha akanishika mkono.

"Mwanangu, usimnung'unikie mume wako. Kupunguzwa kazini si aibu. Nilikuja kuwasalimia tu, lakini siwezi kuwaacha katika hali hii. Nitakaa mpaka msimame."

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Naapa niliufungua. Halafu nikamwona peke yake kwenye sakafu ya bafu akiita, nikaufunga.

"Asante, mama," nikasema.

Mume wangu nilimweleza uani, nyuma ya shuka zilizoanikwa.

"Yaani mimi sina kazi?"

"Huna."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mama azoee."

"Na Jumatatu likizo ikiisha?"

Hapo sikuwa nimefika.

Siku hizo nyumba ilikuwa na raha. Mama alipika, alifua, alishona vifungo vilivyokatika zamani, na akawa anaimba. Kumbe anaimba! Miaka yote tuliyomwambia aje apumzike hatukuwahi kumsikia. Jumapili akapiga pasi shati la mwanawe. "Kesho katafute kazi. Usiende umekunjamana." Mwanawe akaondoka asubuhi bila kuinua macho, na jioni mama akamsubiri mlangoni.

"Vipi, umepata?"

Mume wangu hajui kudanganya. "Nimefanya kazi leo leo, mama."

Mama akainua mikono juu akashukuru. Nilipomfuata chumbani nilimkuta anakunja nguo zake.

"Sasa mmesimama," akasema. "Kesho naondoka."

Nikashindwa kujizuia. Nilikaa kitandani nikalia, nikamwaga yote: likizo, simu, masofa.

"Hakupunguzwa, mama. Vitu tulivipunguza sisi wenyewe. Ni mtindo."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

"Hakuna aliyewalazimisha?"

"Hakuna."

"Ile rangi ya ukutani?"

"Tulinunua."

"Na milango ya makabati?"

"Tuling'oa."

Akauinamia mfuko. Nilingoja aniite mwongo, abebe mfuko wake na nisimwone tena. Badala yake akatoa gauni moja mfukoni, akalitundika. Kisha la pili.

"Mtu aliyepunguzwa kazi atapata nyingine," akasema. "Mimi nilidhani mmekosa pesa. Kumbe mmekosa mtu mzima ndani ya nyumba. Siendi popote."

Tangu nizaliwe sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile.